Nusu ya Sheria na Kuku Mzima

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuvaa soksi juu ya soksi.

Kuna kuku kwenye balkoni yangu. Amefungwa kamba ya manila kwenye mguu wa kiti cha plastiki, na kila nikisogea dirishani ananitazama kwa jicho moja, kisha anageuza kichwa ananitazama kwa lile lingine. Ni mweusi wa madoa meupe, kienyeji halisi, aliyesafiri kwa basi kutoka Bungoma. Jirani wa ghorofa ya chini ameshanitumia ujumbe kuuliza kama siku hizi ninafuga. Sijamjibu.

Tangu jana najaribu kuandika kuhusu kuku huyu na ninashindwa. Acha basi niandike yaliyomleta. Majina nimeyabadilisha yote. Langu sijawahi kuliandika kwenye blogu hii, na sioni kwa nini nianze leo.

Wanaonisoma wanajua mimi ni wakili. Ofisi yangu iko mjini, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi ikipenda, na kesi zangu nyingi ni za wapangaji na wenye nyumba. Lakini kanisani kwetu hapa mtaa wa Jamhuri mimi huitwa Wakili tu, kama vile kuna Daktari na kuna Mwalimu, na mtu akishaitwa Wakili kanisani anatarajiwa kujua sheria zote, kuanzia talaka mpaka mbwa aliyemuuma mtoto wa jirani. Nami, nikiri, huwa sikatai. Napenda kuulizwa.

Mwezi uliopita Mwenyekiti wa akina mama aliniomba nizungumze nao baada ya ibada kuhusu sheria na mwanamke. Mwenyekiti ni mama mwema, na simsemi vibaya. Baba yangu alipofariki, ndiye aliyetupikia mpaka mgeni wa mwisho akaondoka. Siku aliyoniomba nizungumze alinishika mkono pale nje ya mlango wa kanisa, akasema kwa sauti ya chini, "Wakili, ile ya kutoa mimba uiguse. Wasichana wetu wameharibika, watishe kidogo. Lakini hiyo maneno ya Katiba usiwafungulie mlango. Unajua vile tulisumbuka nayo."

Nilijua sana. Wakati wa kura ya maoni, kanisa letu lilisimama na upande wa nyekundu, upande wa kuikataa Katiba, na kilichowakera zaidi ni kifungu hicho. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na alitembea nyumba kwa nyumba kule kwetu Dagoretti akiwaambia watu wasiipitishe. Mimi nilipiga kijani. Nikarudi nyumbani, nikanywa chai naye, nikamsikiliza akihesabu wale aliowashawishi, na sikusema neno. Alikufa bila kujua.

Kwa hiyo nilimjibu Mwenyekiti, "Nitaangalia, Mama." Sote tunajua maana ya nitaangalia.

Sasa hapa lazima nieleze sheria kidogo, la sivyo hutamwelewa huyu kuku.

Kuna sheria mbili, na zote ziko hai. Ya kwanza ni Kanuni ya Adhabu, kile kitabu cha makosa na vifungo tulichorithi kwa mkoloni. Humo, anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa miaka kumi na minne. Mwanamke anayejitoa mwenyewe, miaka saba. Anayempa dawa au kifaa akijua kinakwenda kufanya kazi gani, miaka mitatu. Ya pili ni Katiba, ambayo bado tunaiita mpya ingawa watoto waliozaliwa nayo wameanza kuota ndevu. Katiba nayo inasema uhai unaanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi. Halafu inaendelea, na hapo ndipo penye maneno: isipokuwa kama mhudumu wa afya aliyesomea kazi yake anaona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Katiba iko juu ya Kanuni. Ila ile Kanuni ya zamani haijaandikwa upya kuifuata Katiba, na mtu akiifungua peke yake atakutana na vifungo tu.

Kuna pia jambo la tatu, ambalo halihitaji Katiba wala digrii. Mimba ikitoka yenyewe, hakuna kosa. Hata mkoloni hakusema ni kosa. Kosa liko katika kukusudia. Mwanamke anayetoka damu anakwenda hospitali, anatibiwa, anarudi kwake kuomboleza.

Mimi nilifundisha ile ya kwanza tu.

Na nilifundisha vizuri, hilo ndilo linalonichoma. Nilisimama mbele ya akina mama, wengine wana watoto mgongoni, nikawahesabia kwa vidole: kumi na minne, saba, mitatu. Ukumbi ulinyamaza kabisa. Mahakamani hakuna anayeninyamazia hivyo. Nikaona nimewakamata, nikataka kuwachekesha pia, nikasema, "Na yule shosho mzee anayekuchemshia miti shamba jikoni, mitatu yake inamngoja jela ya Lang'ata!" Wakaangua kicheko. Nilijisikia mtu wa maana. Wakanipigia makofi ya kilo, yale ya wote kwa mpigo mmoja, wakanizawadia leso na chupa ya chai, na Mwenyekiti akanikonyeza kutoka kiti cha nyuma. Leso niliitupa kwenye kiti cha nyuma cha gari nikaisahau.

Kati ya waliokuwa ukumbini ni Nekesa, ambaye tunamwita Mama Faith. Hufua nguo kwenye nyumba za Karen, na mumewe, Simiyu, huchomelea mageti kwenye kibanda kando ya Ngong Road. Wanaishi Kawangware. Faith ni mkubwa sasa, yuko shule, na kwa muda mrefu walikuwa wakiomba mtoto wa pili. Siku ile alikuwa tayari ana mimba. Sikujua. Lakini hata ningejua, sidhani ningebadilisha hotuba.

Wiki iliyofuata Nekesa alishikwa na homa. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka Bungoma, na kama wafanyavyo kwao mtu akiwa na malaria, alimchemshia mwarobaini. Nekesa alikunywa. Baada ya hapo tumbo likaanza kumkata, na damu ikaanza. Simiyu akasema waende hospitali. Nekesa akakataa. Akabembelezwa, akakataa. Akaulizwa sababu, akageukia ukuta.

Simiyu alinipigia simu nikiwa Karen kwa mteja anayegombania ua na jirani yake. "Wakili, bibi yangu anatoka damu na amekataa hosi kabisa. Anasema ati wewe ndio unajua. Anasema atashikwa."

Niliacha ua na wenye ua.

Nilimkuta Nekesa kitandani, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na mama mkwe ameketi kwenye kigoda akiwa na sufuria mapajani. Ile sufuria ya mwarobaini. Alikuwa ameisugua kwa mchanga mpaka inang'aa, na bado alikuwa anaisugua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule mama alikuwa anaficha ushahidi.

Nekesa alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto. "Wakili, hiyo saba yangu si neno," aliniambia. "Lakini mama ni mzee. Hiyo mitatu itammaliza."

Hakuwa anajiogopea. Alikuwa amelala pale akivuja damu, amemkatalia mume, amekataa hospitali, ili mama yake mkwe asifungwe kwa sababu ya mzaha wangu.

"Hakuna atakayefungwa," nilisema. "Twende." Hayo tu. Nilijiambia hakuna wakati wa kueleza. Kweli hakukuwa na wakati, lakini hilo halinisaidii, kwa sababu tangu siku ile nimepata wakati mwingi.

Tulimlaza kwenye kiti cha nyuma, juu ya ile leso. Hospitalini wakauliza ni nani yuko na mgonjwa, na mimi, sijui kwa nini, nikasema kwa ile sauti yangu ya kortini, "Mimi ni wakili wake." Hakuna aliyeuliza chochote kuhusu polisi. Hakuna aliyeuliza amekunywa nini kwa nia gani. Walimkimbiza ndani wakafanya kazi yao. Simiyu alikuwa amesimama nyuma yangu, na alisikia.

Walimwokoa. Lakini ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye kizazi, ikabidi wakitoe. Daktari alinieleza bila kumlaumu yeyote kwamba angefika mapema wangemsafisha kizazi tu, akarudi nyumbani. Kuhusu mwarobaini alisema mjamzito afadhali asiunywe, lakini kama ndio ulioleta haya, au ni ile homa, au ni jambo lingine kabisa, hakuna awezaye kujua. Niliitikia kwa kichwa nikaandika kana kwamba ni ushahidi.

Hawatapata mtoto mwingine.

Nekesa aliruhusiwa kurudi nyumbani juzi. Jana jioni mlango wangu ukabishwa, na pale nje ni Simiyu na mama yake, na kuku. Hakuwa kuku wa kununuliwa sokoni. Yule mama alimpigia simu mtu nyumbani akamkamatie yule mweusi wa madoa, mtagaji wake mzuri, akamweka kwenye basi. Nimeishi na Wabukusu, watu wa kwao, wa kutosha kujua kwamba kuku hapewi mtu hivi hivi.

"Wakili, umetutoa jela," yule mama alisema. "Watu wengine ni kuongea tu. Wewe uliongea na wakubwa, na hakuna askari alikuja. Mungu akubariki."

Nilielewa mara moja walivyofikiri. Katika mji huu, jambo likienda vizuri ujue kuna mtu anamjua mtu. Walingoja polisi, polisi hawakuja, na Simiyu alinisikia nikiongea pale mapokezi. Basi Wakili ameongea na wakubwa. Hesabu yao ilikuwa sawa kabisa, ila tu hapakuwa na kesi, wala wakubwa, wala jela ya kutolewa.

Hapo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, walikuwa wamesimama mbele yangu.

Nilimpokea kuku kwa mikono miwili. Nikasema asante, Mama. Nikawakaribisha, nikawamiminia chai kutoka kwenye chupa ile ile niliyopewa kanisani, tukaomba pamoja, wakaondoka.

Ukumbini niliogopa Mwenyekiti, na pengine nilimwogopa baba yangu, ambaye hayupo. Jana sikumwogopa mtu. Jana nilipenda jinsi yule mama alivyonitazama, nikataka aendelee kunitazama hivyo. Hilo ndilo kosa ambalo sijui niliweke wapi.

Leo asubuhi nilimpigia Mwenyekiti. Nilimweleza yote, mpaka sufuria. Akasema, "Wakili, huyo ni shetani anakusumbua. Ulisema uongo? Hukusema. Kila kitu ulisema iko kwa kitabu."

Iko kwa kitabu, ni kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia jaji kwamba nusu ya mkataba si mkataba, na nikashinda.

Mwenyekiti akaniambia kesho baada ya ibada akina mama watakwenda kumwona Mama Faith na sukari na unga, na kwamba ingefaa mimi niongoze maombi. Kisha akashusha sauti. Kuna wanaoulizana, akasema, kama kweli ilitoka yenyewe. Maana mbona alikataa hospitali? Mtu asiye na kitu cha kuficha anakataaje hospitali?

Kwa hiyo watamwimbia, watamwekea unga kando ya kitanda, na wakitoka mlangoni watanong'ona. Nilichukua kizazi chake, na sasa nachukua jina lake.

Nitaishia hapa kwa sasa. Kuku anapiga kelele na nimeamua kwenda Kawangware.

*

Nimerudi. Jioni imeingia, mvua imekatika.

Nilimbeba kuku kwenye kiondo, kichwa nje. Najua zawadi hairudishwi. Nilijiambia kwamba simrudishi, nampeleka tu apikwe, Nekesa apate supu, maana ndiye anayehitaji nguvu. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa naye nyumba moja.

Nekesa alikuwa amelala ubavu, Faith ameketi miguuni pake na kitabu cha shule. Simiyu alisimama kunipisha kiti. Mama yake alikuwa anachambua maharagwe, na aliponiona alitabasamu, kisha akakiona kiondo na tabasamu likapungua.

Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Yote yakanitoka. Nilisema, "Mama, sikuwatoa jela. Hapakuwa na jela."

Nikaeleza. Nilisema mimba ikitoka yenyewe si kosa na haijawahi kuwa kosa. Nilisema hata mtu aliye hatarini kwa sababu nyingine, Katiba inamruhusu daktari amsaidie. Nilisema kumchemshia mgonjwa mwarobaini wa malaria si kumtoa mimba, na kwamba hakuna askari yeyote ambaye angemtafuta. Simiyu alimwambia Faith aende akacheze nje, ingawa nje kulikuwa na matope.

Mama mkwe aliweka sinia chini. "Kwa hivyo angeenda hiyo siku ya kwanza?"

"Ndiyo, Mama."

"Wangemtibu tu?"

"Wangemtibu tu."

"Na wewe ulijua hiyo maneno yote siku ile kanisani?"

Kwa kazi yangu najua swali la aina hii. Ni lile ambalo unamwandaa shahidi wako asilijibu moja kwa moja.

"Nilijua, Mama."

Nekesa alikuwa amefumba macho na nilidhani amelala. Alisema bila kuyafumbua, "Siku hiyo nilikuja mapema. Nilikaa mbele kabisa, nikuskie vizuri."

Nililia. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si ili nionewe huruma. Hakuna aliyenibembeleza, na sikustahili kubembelezwa.

Nilipoweza kuongea nilimwambia Nekesa ninachotaka kufanya kesho. Nitasimama kabla ya matangazo na kufundisha ile nusu niliyoacha, na nisingependa kumtaja, lakini wapo wanaonong'ona, na kama angeniruhusu ningesema wazi kwamba mimba yake ilitoka yenyewe na kwamba alikataa hospitali kwa sababu ya maneno yangu. Simiyu akamtazama, nami nikatazama sakafu.

"Sema," Nekesa alisema. "Lakini taja jina lako kwanza."

Mama mkwe aliinuka. Alimtoa kuku kwenye kiondo taratibu, akamkagua mguu mahali kamba ilipokuwa imembana, akamfunga kwenye mguu wa kitanda cha Nekesa. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alinirudishia kiondo kitupu, akasema kwa upole ule ule wa jana:

"Huyu nilikuwa nimeletea mtu mwingine."

Kwao mgeni husindikizwa. Siku ile ya hospitali, usingizi ukiwa umemlemea, yule mama alinisindikiza mpaka kwenye gari. Leo alirudi kwenye maharagwe yake. Simiyu ndiye aliyenifikisha barabarani, na kabla sijafungua gari akaniuliza kama kweli nitasema. Nikamwambia nitasema. Akasema watakuja wote, na yeye atambeba bibi yake kwa pikipiki kama hataweza kutembea. Nikamwambia nitakuja kuwachukua kwa gari. Akakataa.

Mwenyekiti amenitumia ujumbe kwamba matangazo ya kesho yamejaa, na kama nina neno niliweke kwenye kundi la WhatsApp la akina mama. Nimemjibu kwamba nitasimama hata kama hakuna nafasi, na wakinizimia kipaza sauti nitasema bila kipaza sauti. Sauti ninayo, ndiyo iliyoleta haya. Sijui baba yangu angesema nini. Nadhani angetoka nje, na mimi ningeendelea kusema.

Balkoni ina mavi ya kuku na kipande cha kamba bado kimefungwa kwenye kiti. Sijasafisha.

Nimesoma tena nilichoandika mchana, pale juu, kuhusu jina langu kwamba sioni kwa nini nianze leo. Nimekiacha kama kilivyo. Ila Nekesa amesema lianze jina langu, na afadhali nijizoeze hapa kabla ya kesho.

Naitwa Nyambura. Ni mimi niliyewaambia nusu.